Bata Hajatoka

Bawabu alikuwa hasemi "karibu." Kwa mtu wa Mombasa kukaa mlangoni miaka yote ile bila neno hilo kumtoka ni ajabu kubwa, lakini ndivyo alivyokuwa. Ukifika kwenye lango la bohari ya mafuta pale Changamwe, ukapiga hodi kwa adabu zako zote, yeye alikujibu, "Ngoja." Ukirudia hodi, alikujibu "Ngoja" tena, safari hii akiwa amesimama. Watu wa Magongo walimwita Bwana Ngoja, na madereva wa malori walimwita majina ambayo siyaandiki hapa. Mimi nilimwita Ami, kwa kuwa umri wake ulikuwa wa ndugu yake baba, na kwa kuwa nilikuwa na haja naye.

Haja yenyewe niiseme mapema. Mume wangu alikuwa kibarua wa kontrakta aliyesafisha matangi ya bohari ile. Tangi likishamalizwa mafuta, wanaume sita huingia kwa tundu la ubavuni, tundu la kupita mtu mmoja tena kwa kuinama, wakakwangua matope yaliyoganda chini. Wakimaliza, tundu hufungwa kwa mfuniko wa chuma na bolti zake, kisha mafuta hurudi. Mume wangu aliingia mle asubuhi, nami nikamngoja atoke jioni. Niliuza chai na mahamri nje ya lango, na watu walidhani nimekaa pale kwa ajili ya biashara. Biashara ilikuwapo, sikatai, lakini mahamri yangeuzika popote. Nilikaa pale nimwone akitoka.

Tulianza kwa ugomvi, mimi na Bawabu. Siku ya kwanza nilitua seredani yangu karibu na lango, nikatia makaa, nikaanza kupepea. Alinijia na kanzu yake iliyofupishwa juu ya vifundo vya miguu, akainama, akautazama moto wangu jinsi mtu anavyomtazama nyoka aliyemkuta chumbani.

"Binti, huu nini?"

"Moto, Ami. Shikamoo."

"Marahaba. Uondoe."

Akahesabu hatua sitini kutoka langoni, kwa miguu yake mirefu, akachora mstari mchangani kwa kisigino. Nikahamia pale huku nikimlaani kimoyomoyo. Ulipofika msimu wa kaskazi alinijia tena, akalowesha kidole kwa ulimi, akakiinua juu, akaniambia upepo umegeuka, kwa hiyo nami nigeuke, nihamie upande wa pili wa barabara. Nilimwambia wallahi sijapata kuona mtu akimhamisha mwanamke kwa kidole chenye mate. Hakucheka. Lakini chai ya kwanza siku ile aliinunua yeye, akarudi nayo kibandani akiishika kwa mikono miwili.

Kile kibanda chake kilikuwa ufalme. Kulikuwa na meza, kitabu kikubwa cha jalada jeusi, mkebe wa biskuti, na chini ya meza jozi nane za mitalawanda, vile viatu vya mti. Mkebe ulikuwa wa viberiti. Kila aliyeingia alivua kiberiti na sigara zake akavitia humo, akavikuta akitoka. Mitalawanda ilikuwa ya wenye viatu vya misumari, kwa sababu msumari ukigonga jiwe hutoa cheche, na mti hautoi. Alikuwa ameinunua mwenyewe Mjini, yote kipimo kimoja, kipimo cha mguu wake. Nimewaona kwa macho yangu mainjinia wa Kizungu, na suruali zao fupi zilizopigwa pasi, wakipita kwa-kwa-kwa kama bibi harusi anayetoka hamamu, na Bawabu nyuma yao akiwakemea watembee taratibu wasiteleze.

Kila mgeni alisomewa hotuba. Ilikuwa hiyo hiyo kwa tajiri na kwa hamali, na mimi niliisikia mara nyingi hata nikaweza kuisoma usingizini. "Sikiza, bwana. Umekuja na haraka zako, zivue uziache hapa pamoja na kiberiti. Ndani usiguse, usipande, usikae juu ya bomba. Ukikuta kamba nyekundu, ujue huko hukualikwa. Na ukiona mtu anakimbia, usimuulize akimbia nini. Mfuate. Mtaulizana mkifika."

Neno "karibu" lilimhama kinywani kwa sababu, na sababu yenyewe ni meneja.

Meneja alikuwa Mzungu mpole aliyejifunza Kiswahili cha ofisini na akakiamini. Siku moja aliandikisha kibao kikubwa, rangi nyekundu, akakitundika langoni: WAGENI KARIBU TANGI HATARI. Yeye alikusudia kwamba wageni wakiwa karibu na tangi wamo hatarini. Watu wa Jomvu, Changamwe na Miritini walikisoma kwa Kiswahili chao: wageni, karibuni. Wiki ile walikuja. Alikuja mzee mmoja na mjukuu wake kuitikia mwaliko, na baadaye mabibi watatu waliojitia manukato, mmoja wao akamwuliza Bawabu kwa upole kama Hatari ndilo jina la tangi lenyewe.

Bawabu alikwenda ofisini kofia mkononi. Nilisimuliwa na karani aliyekuwapo, kijana wa bara, Mkristo, aliyependa mahamri yangu kuliko alivyopenda kazi yake. Bawabu alimweleza meneja kwamba kuna "karibu" ya mlangoni na kuna "karibu" ya umbali, na zikiandikwa hazina tofauti. Meneja akamwambia mtu mwenye akili ataelewa. Bawabu akajibu, "Bwana, mwenye akili akialikwa huenda."

Akarudi langoni, akakifunika kibao kwa gunia, na tangu siku ile hakulitamka neno hilo tena akiwa kazini. Alisema limeshachezewa.

Nyumbani kwake yalikuwa mambo mengine. Aliishi Jomvu Kuu, na ukifika barazani kwake alikukaribisha mara kumi kabla hujavua viatu, akakulisha, akakuzuia usiondoke. Nilikwenda kwa mara ya kwanza kumpeleka mkewe ukili wa kusukia mikeka, nikakuta mambo ya kunishangaza. Kisima chao hakikuwa na mfuniko, kilizibwa kwa sinia kuukuu. Ngazi ya kupandia darini ilikuwa na vidato vinne badala ya saba. Yeye mwenyewe alikuwa kalala juu ya kitanda cha kamba akivuta sigara, na chandarua chake kilikuwa na matundu ya moto mengi hata mbu walikuwa wakichagua pa kupitia.

"Ami!" nikasema. "Na hotuba zote zile?"

Mkewe akanijibia. "Usalama wote huumaliza langoni, mwanangu. Hapa huleta mifupa tu."

Na baiskeli yake haikuwa na breki. Kila asubuhi alishuka nayo kutoka Jomvu hadi Changamwe, kati ya malori ya mafuta, na alisimama kwa kuburura kiatu. Kiatu cha kulia kilikwisha miezi miwili kabla ya cha kushoto.

Hakujali cheo cha mtu, na hilo wengine waliliona ujuba. Lilipojengwa tangi jipya, wafanyakazi waliomba lisomewe dua, wakaja masheikh wanne na chetezo kikifuka ubani. Bawabu aliwabusu mikono wote wanne, akapiga goti mbele ya mkubwa wao, kisha akashika chetezo. "Dua yapita, mashekhe zangu. Moto wabaki." Wakasema ubani bila moto haufuki. Akasema Mola hasikii kwa pua. Kukawa na kunong'ona, hata mkubwa wao akacheka, na dua ikasomwa ndani huku chetezo kikifukiza langoni kando ya mkebe wa viberiti. Hapana, si kando. Alikileta kwangu, hatua sitini, akakiweka jirani na seredani yangu, na siku ile mahamri yangu yalinukia ubani na yakaisha mapema.

Na kwenye ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, wakati kila Jumapili ina mkutano na kila mtu ana kofia ya chama, alikuja mwanasiasa mmoja na gari zima la vijana, anataka kuwahutubia wafanyakazi. Walipiga makelele ya uhuru langoni. Bawabu akapiga makelele ya uhuru pamoja nao, kwa sauti kuliko wao, maana alikuwa akiutaka sana. Walipomaliza akafungua mkebe. "Uhuru ni wetu sote," akawaambia. "Viberiti ni vyangu." Wakapanga foleni.

Sasa niseme habari ya kitabu.

Bawabu hakujua herufi za Kizungu. Alisoma chuo cha Kurani, akaandika kwa hati za Kiarabu kama wazee wetu wote, na kitabu cha lango kilijaa hati hizo, nzuri, zilizonyooka. Meneja aliliacha jambo hilo lilivyo kwa sababu katika miaka yote ile kitabu hakijapata kukosea. Aliweka hata sheria kwa ajili yake: tangi halitiwi mafuta mpaka kitabu cha lango kiseme kila aliyeingia ametoka. Kwamba yeye meneja hawezi kukisoma halikumsumbua. Mara moja alikuja mkaguzi, akakifungua kutoka kushoto, akakisifu.

Lakini majina yaliyomo hayakuwa majina ya watu. Vibarua wa kontrakta walikuwa na mchezo. Leo huyu haji, ndugu yake huja kwa jina lake. Kesho huyu atoroka mapema, rafiki yake huitikia "Naam!" kwa niaba yake, maana ni aibu kumwacha mwenzako aitwe na asiitikiwe. Kontrakta alisoma karatasi yake, majina yakaitika yote, akaridhika. Bawabu alisema jina laweza kuazimwa, lakini mwendo na sura haviazimiki, basi aliandika alichokiona. Mwenye Kovu. Mrefu wa Kikoi. Shingo Upande.

Mimi nilisoma chuo vilevile. Siku moja nilimpelekea chai, kitabu kiko wazi, jicho langu likaangukia mstari wa tatu, palipoandikwa mume wangu alipostahili kuwa. Palikuwa pameandikwa: Bata.

"Ami, huyu Bata ni nani?"

Akajifanya anahesabu viberiti.

"Ami!"

"Mwanangu, mimi simwumbi mtu, namwandika. Mtazame akipita."

Nikamtazama akipita. Ni kweli mume wangu hutembea vidole nje, na nyuma huyumbayumba kidogo, lakini kwa miaka minne ya ndoa nilikuwa nimeliona jambo hilo kuwa maringo. Nilinuna siku tatu. Nilimpa Bawabu chai isiyo na tangawizi. Yeye aliinywa, akashukuru, na kesho yake akaandika Bata.

Basi ikaja siku ya tangi la nne.

Ilikuwa alasiri, jua limeanza kulegea. Meli ilikuwa bandarini na mafuta yanangojewa kupita kwenye bomba. Vibarua walikuwa wamemaliza, wamepanda lori la kontrakta ndani ya uwanja, na kule tangini mafundi wanakaza bolti za mfuniko. Kontrakta akasoma karatasi yake. Yakaitika majina sita, "Naam" sita. Lori likaja hadi langoni, likapiga honi.

Bawabu hakufungua.

Nilikuwa nimeshazima moto wangu na kufunga vyombo. Nikasikia sauti ya kontrakta ikipanda, nikasogea hadi kwenye nyavu za ua.

"Watu wangu wametimia, mzee! Fungua!"

"Sifungui. Kuna mtu hajatoka."

"Nani?"

Bawabu aligeuza kichwa. Alitazama nje, upande wangu, kwa muda ambao mimi nilidhani ni wa kuwatisha tu. Kisha akasema, "Bata. Bata hajatoka."

Nikahesabu vichwa juu ya lori. Vilikuwa vitano. Mume wangu hakuwamo.

Kijana mmoja kati ya wale, Charo, rafiki yake mkubwa, akainamisha uso. Akakiri kwamba ni yeye aliyeitikia mara mbili. "Lakini ametoka, bwana! Alikuwa nyuma yangu, kisha sikumwona. Amepita uani, kule penye tundu la ua, kawahi mpira. Mimi nimemwitikia tu, kama anavyoniitikia."

Vibarua wengine wakacheka, maana kila mmoja alilijua lile tundu la ua. Mimi nikapiga kelele kwamba mume wangu hendi mpirani bila kunipitia. Kontrakta akaniambia nirudi kwenye mahamri yangu, si mume wa kwanza kumkimbia mkewe.

Meneja akaja na gari lake, akitazama saa. Akaelezwa na watu wanne kwa pamoja. "Sasa," akasema, "mtu moja nasema hii, mtu ingine nasema ile. Kitabu nasema nini?"

Bawabu akaweka kiganja juu ya kitabu kilichofungwa. "Kitabu chasema Bata hajatoka."

Kontrakta akasema kitabu chaweza kusema lolote ikiwa msomaji ni mmoja. Apewe mtu mwingine akisome. Wakaulizana nani. Karani wa bara hakujua hati zile. Ndipo karani huyo huyo, Mungu amrehemu alipo, akasema, "Mama wa chai amesoma chuo."

Nikaitwa. Nilikuwa sijapata kuingia lango lile hata siku moja. Nikakimbia, nikafika, na Bawabu akanyoosha mkono mbele yangu.

"Kiberiti."

Mume wangu yumo tangini na mtu huyu ananidai kiberiti! Nikakifungua kwenye pindo la leso, nikampa. Akakitia mkebeni. Kisha akanisukumia kitabu.

Nikakifungua upande wa kulia, nikatafuta ukurasa wa siku ile. Kurasa za mwezi uliopita zilikuwa na hati zinazopandana, mistari inakwea na kushuka, maneno juu ya maneno. Baada yake hati zikawa kubwa, mbili tatu kwa ukurasa. Na ukurasa wa siku ile haukuwa na kitu. Ulikuwa mweupe kutoka juu hadi chini.

Nikamwangalia. Alikuwa ananitazama, lakini hakuwa ananiona sawasawa. Macho yake yalikuwa yametua mahali fulani kando ya sikio langu. Nikaelewa kwa nini siku zile alikuwa akikitafuta kikombe changu kwa vidole kabla ya kukishika.

Neno langu mimi, la mwanamke wa mahamri, lilikuwa limeshakataliwa pale pale. Neno la kitabu lilikuwa na nguvu ya kuzuia meli. Nikakiinua kitabu kifuani, jalada likiwaelekea wao, nikaweka kidole juu ya ule weupe, nikasoma.

"Mrefu wa Kikoi. Kuingia, saa moja. Kutoka, ametoka. Mwenye Kovu. Kuingia, saa moja. Kutoka, ametoka." Nikawataja wote watano, taratibu, nikihamisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Bata. Shati la kaki lenye kiraka begani. Kuingia, saa moja. Kutoka, hapana."

Meneja akalitazama jalada jeusi kidogo, kwa heshima, jinsi alivyolitazama siku zote. "Fungua tangi," akasema.

Bolti zilikuwa kumi na mbili. Sijui zilichukua muda gani, mimi nilizeeka. Mfuniko ulipotoka Charo alitaka kujitupa ndani, na Bawabu, aliyekuwa amefuata sauti zetu hadi pale, akamdaka kwa ukosi. "Huingii bila kamba! Wataka tuwatafute wawili?" Akamfunga kamba kiunoni kwa mikono yake, akamfunga kitambaa cha maji puani, akawapa wanne nje ncha ya kamba, akawaambia akihesabu hamsini wavute, awe amempata au hakumpata. Akahesabu kwa sauti. Kwenye arubaini na tatu kamba ikatikisika.

Walimtoa wakimburura. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na nguo zote zimelowa matope ya mafuta. Hewa ya mle ndani ilikuwa imemlevya akaanguka kwenye ukuta wa nyuma, pasipomulikwa na tundu. Walimlaza upeponi, wakamgeuza ubavu, akatapika, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa "Kofia."

Alikuwa amerudi kuchukua kofia. Nilimshonea mwenyewe, viua vya mkono, miezi mitatu, na nilikuwa nimemwapia kwamba akiipoteza kama alivyozipoteza mbili za kwanza asirudi nyumbani. Alinihofu mimi kuliko harufu ya tangi. Nikampiga kofi la shavu mbele ya meneja, kisha nikamkumbatia, nikalia kwa sauti, na mafuta yakaniingia buibui zima.

Charo hakuitikia tena jina la mtu. Hata akiitwa lake mwenyewe aliangalia kwanza kulia na kushoto.

Kesho yake asubuhi Bawabu alikuja na kitabu chini ya kwapa, hatua zote sitini, akaketi kwenye kibao changu cha mbuzi ya kukunia nazi. "Mwanangu," akasema, "kalamu hii siku hizi yanisumbua. Mimi nitataja, wewe uandike." Hakusema zaidi nami sikuuliza. Kwa miaka iliyofuata niliandika kitabu cha lango kati ya chai moja na nyingine. Aliwajua watu kwa miguu yao wakipita, kwa kikohozi, kwa harufu ya sabuni, na ikiwa hakumjua mtu alimwambia "Ngoja" mpaka aseme. Niliandika Mwenye Kovu, niliandika Shingo Upande, na kila asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika Bata. Baiskeli nilimkataza. Charo alikuwa akimleta kwa mkono kutoka Jomvu na kumrudisha, na njia nzima walibishana.

Alipostaafishwa, akawekwa kijana wa kuandika kwa herufi za Kizungu, mwenye sare na filimbi. Kijana mwenye adabu. Alisema "karibu" kwa kila mtu.

Nilimtembelea Bawabu kwa mara ya mwisho wiki chache kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Tulikwenda sote wawili, na mume wangu, aliyekuwa ameshapata kazi ya kudumu isiyo na tangi, alibaki uani anaitengenezea ile ngazi vidato. Bawabu alikuwa ameketi mkekani, macho yamefunikwa na utando mweupe. Alinijua kwa mshindo wa viatu, akanikaribisha mara kumi. Mkewe alituletea kahawa akatuacha. Tulizungumza habari za uhuru, kama bei ya sukari itashuka, kama meneja atabaki. Kisha akasema:

"Siku ile ya tangi. Ulisoma nini?"

Hatukuwa tumeigusa habari hiyo hata mara moja.

"Nilisoma kisichokuwapo, Ami."

Alicheka hata kahawa ikamwagika kwenye kanzu. "Nilijua. Nilisikia kidole chako kikitambaa kwenye karatasi, nikasema leo mtoto huyu anatunga."

"Mimi nilitunga," nikasema, "lakini wewe ulijua. Ulisema Bata hajatoka kabla sijaitwa. Kila Ijumaa nakuombea dua kwa ajili ya hilo, kwamba ulimjua mume wangu hata macho yalipokuacha."

Kicheko kikamwisha. Akaweka kikombe chini, akapapasa mpaka akaupata ukingo wa mkeka.

"Sikumjua, mwanangu."

"Vipi hukumjua?"

"Asubuhi ile niliwahesabu kichwani. Kisha likaja gari la wageni wa ofisini, wakanisemesha, wakanivurugia. Jioni nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba sijui. Labda wametoka wote. Labda hawakutoka wawili. Nikasema kuna mtu hajatoka, yule mwanaharamu akaniuliza nani. Ningemwambia sijui nani, angecheka, na tangi lingefungwa. Mtu aliyepotea lazima awe na jina. Nikatazama nje. Niliona weusi wa buibui umesimama kwenye nyavu, nikajua ni wewe, hujaondoka. Nikataja wa kwako."

Nje mume wangu alikuwa akigonga msumari. Nilimsikiliza kwa muda.

"Na ingekuwa kweli kaenda mpirani?"

"Ningefedheheka. Kesho yake ningekuwa sina kazi, na wewe ungenicheka."

"Na kama aliyemo mle angekuwa mwingine? Mume wa mtu mwingine?"

"Lingefunguliwa vilevile," akasema. "Angetoka huyo mwingine, kwa jina la mumeo."

Nilikuwa nimekaa miaka yote ile nikiamini kwamba katika watu wote, wangu alijulikana. Nikaona jinsi ilivyokuwa ndogo, ile nafasi aliyopita nayo akaokoka. Machozi yakanitoka, wala sikuona haya. Bawabu hakuyaona. Alisikia kimya changu tu, akadhani nimechukia.

"Usinune, mwanangu," akaniambia taratibu, akinyoosha mkono upande ambao sikuwapo. "Ningekuwa na macho, ningemtaja kwa haki."

Nikausogelea ule mkono, nikaushika, nikaubusu, nikamwambia sikununa.